Mama mkwe anataka nichome daftari ninalomwandikia mwanangu

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 29, naishi Kirumba hapa Mwanza, nashona nguo kwenye kibaraza cha duka si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Wakati wa giza yuko ziwani na wenzake, mbalamwezi ikishika anarudi nyumbani tunakaa wiki moja na ushee, kisha anaondoka tena. Hanywi, hanipigi, akipata analeta. Nakueleza mapema usije ukamfikiria vibaya kwa haya yanayofuata.

Mwaka juzi nilibeba mimba yetu ya kwanza. Kliniki nilianza ikiwa na miezi mitano. Sikuumwa, ila miguu ilivimba mwishoni, na kila mtu alisema ni kawaida. Kwa hesabu ya kadi nilikuwa nimebakiza wiki mbili. Jumatano moja nilikuwa na kazi ya sare za kwaya, nikashona mpaka usiku. Nakanyaga cherehani, ndipo nikashtuka kwamba mtoto hajacheza tangu asubuhi. Mama mkwe alikuwa amekuja kunisubiria nijifungue. Nilipomwambia, akasema mtoto akikaribia kutoka hutulia, anajikusanya. Nikalala.

Alhamisi jioni tulikwenda hospitali. Nesi akaweka kipimo tumboni, akakihamisha, akakihamisha tena, akamwita mwenzake. Hakuna aliyesema neno. Baada ya altrasaundi aliyeambiwa kwanza ni mama mkwe, mimi nikasoma usoni mwake.

Waliniwekea dripu ya uchungu. Nikazaa kwenye chumba kile kile ambacho wenzangu walikuwa wanazaa watoto wanaolia. Wangu alikuwa wa kiume. Nilimwona mguu tu, wa kushoto, kwa sababu khanga waliyomfunika haikufika chini. Nikaomba nimwone. Nesi akasema, "Bora usimwone mama, utasahau haraka." Shangazi, ule mguu naujua kuliko ninavyozijua sura za ndugu zangu.

Walimzika siku iliyofuata kijijini kwa mume wangu, upande wa Sengerema, mimi nikiwa bado wodini. Hakuna aliyetandika mkeka, hakuna aliyekaa matanga. Niliporuhusiwa nilikuta nguo zote za mtoto zimeondolewa na beseni lake limepewa jirani. Siku ya tatu maziwa yakaanza kutoka. Nilikuwa nayafuta kwa vipande vilivyobaki vya zile sare. Mama mkwe aliniambia nisilie, kwamba mwanamke anayemlilia mtoto asiyepumua hufunga njia ya wanaokuja. Mbele yake sikulia tena.

Nina daftari la vipimo vya wateja. Usiku mmoja mume wangu akiwa ziwani nikafungua kurasa za nyuma, nikamwandikia mwanangu. Nikamweleza nani kaja kibarazani, sato wameuzwaje, mvua imenyesha. Nikampa jina, na jina hilo hakuna anayelijua. Tangu hapo namwandikia. Kila mwezi namwandikia na vipimo vyake: angekuwa na miezi sita kifua kingekuwa hivi, urefu wa kaptula hivi. Daftari la kwanza limejaa, niko kwenye la pili. Nikimaliza kuandika nalala. Nisipoandika silali.

Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kutibiwa macho, akakuta daftari chini ya godoro. Yeye hasomi vizuri, akampa shemeji yangu mdogo, yuko kidato cha pili, alisome kwa sauti. Nilirudi nikakuta sebule yote kimya. Akasema namwita maiti ndani ya nyumba ya mwanawe, ndiyo maana mwaka wa pili unakatika sijashika mimba. Mume wangu aliporudi wakamweleza. Hakufoka. Aliniambia tu, "Lichome hilo daftari tuanze upya." Nimelificha kwa jirani, na nimemdanganya kwamba nimeshalichoma.

Nilimwuliza katekista wetu kama naweza kumwombea misa. Akanijibu kuwa mtoto hakubatizwa, hivyo hakuna cha kuombea.

Naomba unijibu. Hiki ninachofanya ni ugonjwa? Nikilichoma kweli nitapona? Na kuna jambo jingine naliona aibu hata kuliandika. Wanawake wote pale kibarazani wanaitwa Mama fulani. Mimi bado naitwa Fundi. Ni makosa kutaka kuitwa kwa jina la mtoto ambaye hakupumua?

Fundi wa Kirumba

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kufiwa na mwanao. Naanza na pole kwa sababu katika barua yako yote sikuona mahali ulipopewa. Ulizaa, ukafiwa, na watu wakaanza papo hapo kukupangia mimba inayofuata. Pole, na mpe mumeo pole yangu pia, maana naye amefiwa.

Daftari usilichome. Liache hapo lilipo kwa jirani mpaka umezungumza na mumeo. Kuandika si ugonjwa. Mtu anayeandika akapata usingizi, akaamka akashona sare za watu, akapokea wateja na kulipa kodi ya kibaraza, huyo anaomboleza kwa njia aliyoipata baada ya kunyimwa nyingine zote.

Nianze na hilo la kufungwa njia, kwa sababu ndilo linalokutisha zaidi na ndilo linalomtisha mama mkwe. Umeniambia mumeo yuko nyumbani wakati wa mbalamwezi tu. Mwezi wa angani huzunguka kwa siku 29 na nusu. Mzunguko wa wanawake wengi ni siku 28 au hapo karibu. Na katika kila mzunguko, siku ambazo mwanamke anaweza kushika mimba ni kama sita tu. Sasa piga hesabu mwenyewe. Ikiwa siku zako hizo zimeangukia kwenye giza, mumeo akiwa ziwani na karabai zake, zinaweza kuendelea kuangukia kwenye giza kwa miezi kadhaa, kwa sababu mizunguko hii miwili inakaribiana mno. Wake wengi wa wavuvi wa dagaa wanaweza kukaa hivyo muda mrefu bila yeyote kuwa na kasoro. Andika tarehe zako kwa miezi michache, kwenye daftari hilo hilo ukipenda, kisha mwende hospitali pamoja. Wataalamu huanza kutafuta sababu wanandoa wakikaa miezi 12 wakikutana mara kwa mara bila mimba, na hupima wote wawili, mume na mke. Mpaka hapo hakuna aliyepewa haki ya kulitwika daftari lako lawama.

Sasa kuandika kwenyewe. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo. Wanafunzi waliketi kuandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Baadhi waliambiwa waandike mambo mepesi yasiyogusa moyo. Wengine waliambiwa waandike jambo lililowaumiza kuliko yote maishani, yaliyotokea na walivyojisikia. Hawa wa pili walitoka chumbani na huzuni zaidi kuliko walivyoingia, wengine wakilia. Lakini katika miezi iliyofuata, walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti nyingi zimefuata tangu hapo. Si kila mtu husaidika, na anayesaidika hasaidiki kwa kiasi kile kile. Kuna jambo moja walilogundua baadaye ambalo nataka ulishike: walionufaika zaidi ni wale ambao maandishi yao yalibadilika siku hadi siku, yakaanza kuwa na "kwa sababu" na "sasa naelewa", yakawa simulizi yenye mwanzo na mwisho. Waliorudia maneno yale yale hawakunufaika hivyo.

Ndiyo maana nina jambo la kukuomba. Kwa maelezo yako, daftari limejaa siku ambazo mwanao hakuziona: mvua, bei ya sato, kaptula ya miezi sita. Hayo ni mapenzi ya mama na sitaki uyaache. Lakini sijaona popote kwamba umewahi kuiandika ile Alhamisi. Umeniandikia mimi, mistari michache, ukaikimbia. Nenda kaiandike. Tafuta siku nne, mchana, mtoto wa jirani au rafiki akiwa karibu, si usiku wa manane ukiwa peke yako. Anza na Jumatano kwenye cherehani, umalizie na siku uliyokuta beseni halipo. Andika ulichokiona na ulichokisikia, halafu andika kilichokuwa kinapita moyoni. Kama ulimchukia nesi, andika. Kama ulimchukia mama mkwe, andika. Kama kuna jambo unajilaumu ambalo hata mimi hukuniambia, liandike pia, halafu usilisome tena siku hiyo. Lugha isikusumbue. Kama uliomboleza kwa Kisukuma au Kikerewe moyoni, andika kwa hiyo hiyo, hakuna mwalimu wa kusahihisha. Na msomaji mwingine mwenye msiba kama huu ambaye kalamu si rafiki yake, ajirekodi kwenye simu akiongea na mwanawe.

Utaumia siku hizo nne. Jiandae kwa hilo, usipokee kazi ya haraka wiki hiyo.

Kuhusu vipimo vyake, nilipofika hapo nilisimama kusoma kwa muda. Wewe ni fundi, na umekuwa ukikisia vipimo vya mtoto ambaye hukumshika. Kuna kipimo kimoja cha kweli ambacho kipo mahali. Mtoto anapozaliwa hospitali, hata akizaliwa amekufa, hupimwa uzito na huandikwa kwenye rejesta ya wodi ya wazazi na kwenye kumbukumbu za mama. Chukua kadi yako ya kliniki, tazama kama uzito umejazwa. Kama haupo, rudi hospitali ulikojifungulia na kadi mkononi, uulize kwa upole lakini usiondoke bila jibu: mwanangu alikuwa na kilo ngapi, na daktari aliandika nini kuhusu sababu ya kifo chake? Ni haki yako kuuliza, hata baada ya mwaka na zaidi. Kilo hizo ziandike kwenye daftari, kwenye ukurasa wake peke yake.

Ukiwa huko, uliza pia shinikizo lako la damu lilikuwa ngapi kila ulipohudhuria. Umetaja miguu kuvimba. Wajawazito wengi huvimba miguu na hawana tatizo lolote, na mimi siwezi kutoka gazetini nikasema ndicho kilichomwua mwanao. Lakini shinikizo la damu la mimba ni moja ya sababu zinazojulikana, pamoja na kondo la nyuma kushindwa kazi au kuachia mapema, kaswende, malaria, kisukari na uchungu uliokwama. Mara nyingine madaktari hutafuta wasiipate sababu. Cherehani haimo. Hukumwua mwanao kwa kushona sare za kwaya, na nakusihi uliandike hilo kwa mkono wako mwenyewe mara ya kwanza utakapoliamini.

Kuna la kusema kuhusu mtoto kutulia. Usemi kwamba mtoto hutulia akikaribia kuzaliwa upo kila mahali, kwa akina mama wenye nia njema kabisa, na si kweli. Mtoto mzima huendelea kucheza mpaka uchungu unapoanza na hata wakati wa uchungu. Akipunguza, mama aende kupimwa siku hiyo hiyo. Hakuna anayeweza kujua kama ungekwenda Jumatano usiku mambo yangekuwa tofauti. Huenda alikuwa ameshaondoka asubuhi. Mama mkwe alikupa alichopewa na waliomtangulia. Nalisema hili kwa ajili ya wanaosoma wakiwa na mimba leo.

Kwa manesi na wakunga wanaonisoma: msimwamulie mama. Mwulizeni, "Ungependa kumwona?" Akisema hapana, mwulizeni tena baada ya saa moja. Akisema ndiyo, mfungeni mtoto vizuri, mpeni ampakate, mwacheni ahesabu vidole. Neno la "utasahau haraka" lisemwe na mtu aliyewahi kusahau.

Nirudi kwako. Umesema "walimzika". Ni nani hao? Nadhani mumeo alikuwa miongoni mwao, na nadhani hajawahi kukusimulia. Mwaka juzi daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa halijafunguliwa. Maana yake ni kwamba mtu fulani alivuka ziwa na mwanao kwa kivuko, ama kutoka mjini kwenda Kamanga ama kutoka Kigongo kwenda Busisi, katikati ya abiria, malori na wauza karanga, akiwa ameshika mzigo ambao hakuweza kumweleza yeyote. Kama mtu huyo ni mumeo, basi "lichome tuanze upya" ni maneno ya mwanaume mwenye kidonda ambacho hana hata daftari la kukiandikia. Baada ya zile siku nne, jaribu kuandika ukurasa mmoja kama yeye: asubuhi ile alivaa nini, nani alichimba, alirudi Mwanza na kivuko gani, aliingiaje wodini akakukuta. Mahali ambapo hujui, acha nafasi wazi. Hizo nafasi ndizo maswali utakayomwuliza.

Mwulize mbalamwezi ijayo. Si siku anayofika, mwache alale kwanza. Mama yake asiwepo. Baada ya kula, mwambie ukweli kwamba daftari hukulichoma, na mwambie kwa nini ulimdanganya: uliogopa kumpoteza mtoto mara ya pili. Kisha mwambie jina. Asilisikie kwa mtu mwingine, wala usilitoe gazetini. Umefanya vizuri kunificha hata mimi. Yeye ndiye baba, awe wa kwanza. Halafu mwombe akupeleke kaburini. Daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3, hakuna tena kusubiri kivuko. Mnaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Ukifika, kaa kadiri unavyotaka. Kama hakuna alama, wekeni jiwe. Akikataa siku hiyo usimkimbize. Atarudi ziwani na swali lako, na huko usiku ni mrefu.

Kusomewa daftari lako sebuleni na kijana wa kidato cha pili ni kukuvunjia heshima, na mumeo anapaswa kulisikia hilo kutoka kwako kwa maneno hayo hayo. Amzungumzie mama yake yeye mwenyewe, mkwe asibebe ugomvi huo. Lakini siku ambayo mmekaa wawili tu, mnachambua mchele au unamtia dawa ya macho, mwulize mama mkwe swali moja: "Mama, na wewe ulishawahi kumzika wa hivi?" Sijui atajibu nini. Najua tu kwamba wanawake wa umri wake walizaa wengi, wengi wao nyumbani, na kwamba hofu kali kama ile ya kufungwa njia mara nyingi ina kaburi nyuma yake. Shirika la Afya Duniani huhesabu watoto wanaozaliwa wafu kuanzia wiki ya 28 ya mimba. Kwa hesabu hiyo hufika karibu milioni 1.9 kila mwaka, robo tatu yao wakiwa Afrika kusini ya Sahara na Asia ya Kusini, na zaidi ya asilimia 40 hufa wakati wa uchungu wenyewe. Hao wote wana mama. Wapo pale Mwaloni wanageuza dagaa kwenye vichanja. Wamefundishwa kunyamaza kama wewe.

Katekista wako amekujibu vibaya. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1261, inasema watoto waliokufa bila ubatizo Kanisa linawakabidhi kwenye huruma ya Mungu, na haisemi hakuna cha kuombea. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1183, inamruhusu askofu kukubali mazishi ya Kanisa kwa mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa ikiwa wazazi walikusudia kumbatiza. Wewe ulikusudia. Nenda kwa paroko mwenyewe, mpe nia ya misa, na umwombe baraka ya kaburi siku mtakayokwenda. Kwa dada zangu Waislamu walio katika hali hii: mimba iliyopita miezi minne, mtoto huoshwa, hukafiniwa, huzikwa kwa heshima na hupewa jina, ingawa wanazuoni hutofautiana katika baadhi ya hayo, hasa kuhusu kumswalia. Mwulizeni sheikh wenu, msikae na uchungu mkidhani mtoto wenu hakuhesabiwa.

Kuhusu kuitwa Mama fulani, si makosa hata kidogo. Ulibeba mimba, ulizaa kwa uchungu, maziwa yalitoka. Anza na mumeo kukuita hivyo ndani ya nyumba, na wewe umwite Baba wa mtoto huyo. Kisha rafiki mmoja unayemwamini pale kibarazani. Mtaa mzima si lazima. Wengine watauliza, wengine watasema vibaya, na huna deni la kumweleza kila mteja aliyekuja kupunguziwa suruali. Ukipenda siku ya kumkumbuka pamoja na wengine, wazazi wa nchi nyingi huwasha mshumaa saa 1 jioni kila Oktoba 15 kwa ajili ya watoto kama wako.

Jilinde pia. Ukiona wiki mbili zinapita huli, hulali hata ukiandika, kazi imekushinda, au unaanza kuandika kwamba unataka kumfuata, funga daftari umwambie mtu siku hiyo hiyo na uende hospitali. Bugando wana huduma ya afya ya akili. Kwenda huko ni sawa na mama mkwe alivyokwenda kutibiwa macho.

Na mimba nyingine ikija, usisubiri miezi mitano. Nenda kliniki kabla ya wiki ya 12, umwambie nesi siku ya kwanza kwamba umewahi kuzaa mtoto mfu, na uhakikishe limeandikwa kwenye kadi ili ufuatiliwe kwa karibu zaidi. Kila hudhurio, shinikizo la damu lipimwe na mkojo upimwe. Kipimo cha kaswende mfanye wewe na mumeo. Meza dawa za kuzuia malaria, lala ndani ya chandarua, na kuanzia wiki ya 28 lala ubavu badala ya chali. Panga mapema nani atakupeleka hospitali usiku mumeo akiwa ziwani, na weka nauli ya bajaji mahali pake. Mtoto akipunguza kucheza, iwe saa sita mchana au saa nane usiku, wewe vaa viatu uende, usimwulize mtu kama ni kawaida.